Aliyeushika Mlango wa Chumba cha Mama

Mundhir,

Mlango wa chumba cha Mama, siku ile, niliushika mimi.

Sijapata kumwambia mtu. Si Baba, si Bibi, si daktari aliyeniuliza huku ananitazama usoni. Nimeanza na hili kwa sababu nnajijua: nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, na kesho asubuhi utapanda ndege kwenda kwa Ami, ndugu yake Baba, huko Muscat ukiwa bado unaamini ulichokiamini tangu siku ile. Basi lisome tena kama hukulielewa. Hakuwa jini. Hakuwa Mama. Alikuwa dada yako Thuwaiba, kwa mikono yake na uzito wake wote, yuko nje ya mlango, na wewe uko ndani.

Leo nitakuita mwanangu, na usinicheke. Mama alipofariki ulikuwa hujaota hata jino, na mimi mwenyewe nilikuwa bado nafungwa mtandio wa skuli na Bibi. Bibi na magoti yake hakuweza kukupandisha ngazi. Baba alikuwa anatoka alfajiri kwenda msitu wa Jozani kuwaongoza wageni wanaokwenda kuwatazama kima punju, wale wekundu, akirudi umeshalala. Kwa hivyo ulikuwa wangu. Nilikubeba kiunoni mpaka nikawa natembea upande kama kaa. Majirani wakaniita Mama Mundhir kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha, jina likabaki. Ulipoanza darasa la kwanza mwalimu alikuuliza jina la mama yako, ukataja langu, darasa zima likacheka. Ulirudi umenuna, ukaniuliza, kwani wewe ni nani wangu? Nilikupa andazi ili nisikujibu. Nnakujibu leo.

Mambo ya fulana ya ndani, ya kusali kwa wakati, ya kutojaza sahani nyumbani kwa watu, Bibi keshakwambia, na atakwambia tena kesho mpaka mlangoni pa uwanja wa ndege. Mimi siyarudii. Mimi nna hili moja.

Unalijua jenereta la hoteli iliyo nyuma yetu. Umeme ukikatika tu, linaanza kunguruma, na bomba lake linatema moshi uchochoroni, sawa sawa na dirisha letu. Ulikuwa unakohoa tangu mdogo. Bibi akitundika shuka lililorowa dirishani. Baba alikwenda kusema na meneja, akakaribishwa vizuri, akapewa soda, akasindikizwa mpaka mlangoni. Bomba likabaki pale pale. Mimi sikwenda kusema na mtu. Unavyonijua, hata nikitumwa dukani nangoja wateja wote waondoke ndipo niombe chumvi. Nilichofanya ni kusoma.

Nikasoma kwamba ndani ya moshi wa dizeli mna hewa zinazoitwa oksidi za nitrojeni, nazo ni katika zile zinazochoma koo na kukaza kifua. Nikasoma kwamba meli kubwa na malori ya siku hizi yana namna ya kuzimaliza. Moshi unatiwa amonia kidogo, kisha unapitishwa juu ya kitu kinachoitwa kichocheo, kikiwa cha moto. Hapo juu ya kichocheo zile hewa mbaya na amonia zinakutana, zinavunjana, na kinachotoka upande wa pili ni nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku, pamoja na mvuke wa maji. Sumu inaingia, maji yanatoka. Na kichocheo chenyewe hakiliwi. Kinabaki pale pale kungoja moshi mwingine.

Niliyasoma kwa Kiingereza, maana ndicho tunachosomeshwa, nikayaelewa kama mtu anavyoelewa hesabu. Kisha nikakaa kitandani nikajisemea tena polepole kwa Kiswahili, na hapo ndipo yaliponiingia. Wewe ulikuwa umelala pembeni yangu, mdomo wazi, kifua kinapiga filimbi.

Mwalimu Biubwa, anayetusomesha kemia, alinikubalia nikae maabara baada ya masomo. Baba aliniletea mfuko wa udongo mwekundu, ule wa kinongo, hakuuliza wa nini. Mna chuma ndani ya wekundu ule. Niliuosha, nikauchuja, nikaufinyanga vidonge vidogo kama pilipili manga, nikavichoma, nikavitia katika maji ya shaba ya rangi ya buluu, nikavichoma tena. Nilikuwa na furaha, Mundhir. Hukuijua kwa sababu sikuisema. Siku tulipopitisha ile hewa mbaya katika bomba la kioo, ikaingia ya kahawia na kutoka imepauka, Mwalimu Biubwa alinipiga kibao cha mgongo mpaka mtandio ukanivuka. Akasema hilo bomba la hoteli lenu lijihadhari.

Aliniwekea masharti, na mimi niliyasikia. Kichocheo kikiwa baridi, alisema, ni kokoto tu. Amonia ikizidi kipimo, itatoka kama ilivyoingia, na amonia nayo inaunguza pumzi, tena vibaya. Na jambo hili halifanywi popote ila ndani ya lile kabati lenye feni la kutolea hewa, yeye mwenyewe akiwapo.

Kisha wakatangaza kuwa watakuja wageni kutazama kazi za wanafunzi, tukafanya mazoezi mbele ya darasa. Siku hiyo kichocheo changu kilikataa. Hewa iliingia kahawia ikatoka kahawia. Nyuma ya darasa kijana mmoja akasema, "Mchoma udi, leo unatufukiza nini?" Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, hata mimi ningecheka angekuwa mwingine. Lakini nilihisi uso unanivimba. Mwalimu Biubwa akasema tutatazama pamoja wiki inayofuata tumekosea wapi. Ningesema, twende tukatazame sasa hivi, mwalimu. Ni swali la pumzi moja. Badala yake niliitikia kwa kichwa, na alipotoka nikachukua kichupa cha amonia nikakifunga ndani ya mtandio wa akiba. Nilitaka nijue kosa langu peke yangu, pasipo macho ya mtu, halafu nirudi nikiwa nshalirekebisha.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa ulijue kuhusu mtu kama mimi, na pengine kuhusu wewe, maana na wewe una haya. Watu wanatusifu kwa upole. Bibi ananitaja kwa wageni: huyu hana neno na mtu. Lakini ule haukuwa upole. Nilikuwa radhi kufanya jambo la hatari kuliko kutazamwa nikiwa nimekosea.

Nikafanya hivi. Bibi alikuwa jikoni chini, Baba yuko Jozani, na wewe ulikuwa chuoni unasoma Kurani, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilichukua makaa ya Bibi nikayatia kwenye chetezo nikapanda nayo juu. Katika nyumba yetu mtu akipanda na makaa haulizwi. Atakuwa anakwenda kufukiza nguo, basi. Nilikwenda chumba cha Mama kwa kuwa hakuna aingiaye. Nilifunga madirisha yote ili harufu isitoke uchochoroni, watu wakauliza. Kidonge kimoja kimoja nikakipanga juu ya kigae, kigae juu ya makaa. Ile hewa ya kahawia sikuwa nayo; nilitaka nijue tu kama kosa lilikuwa kwenye moto au kwenye kipimo cha amonia. Kichupa nilikiweka kwenye bakuli la maji ya moto ili kitoe mvuke polepole. Ukawa mdogo. Nikaona maji yamepoa, nikakitoa, nikakisogeza kwenye makaa yenyewe.

Kizibo kiliruka. Sikuona tena kitu. Ilikuwa kama mtu amenichoma sindano machoni na puani kwa pamoja. Nilitoka nikipapasa ukuta, nikauvuta mlango nyuma yangu. Unaujua mlango ule, komeo lake bovu, usiposhikwa unajifungua. Nikaushika, ili ile harufu isiteremke ngazi ikamfika Bibi. Nilikuwa nawaza maneno ya kumwambia Bibi.

Hapa ndipo nnapokuomba usiruke mstari.

Nilisikia kugongwa. Kwanza chini, kidogo, kama paka. Kisha juu zaidi. Nikajiambia ni dirisha linapigwa na upepo. Mwanangu, madirisha nilikuwa nimeyafunga mwenyewe, na nililijua hilo wakati ule ule nnajiambia upepo. Mlango ukavutwa kutoka ndani. Nikauvuta na mimi. Sijui kwa muda gani. Nimejaribu mara nyingi kuupima muda ule, usiku, nikishika pumzi yangu. Muda ungekuwa mrefu zaidi, wewe usingekuwa hai. Ungekuwa mfupi zaidi, wewe ungekuwa mzima.

Kilichoniachisha si akili. Ulikohoa. Kikohozi chako nnakijua katika vikohozi vya mji mzima.

Uliniangukia miguuni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ulitoroka chuoni kwa sababu hukuhifadhi sura uliyopewa, na kwamba ulikuwa na desturi ya kujificha ndani ya kabati la Mama, katikati ya mabaibui yake. Miaka yote hiyo nilidhani hakuna aingiaye chumba kile. Nilikubeba mpaka dirisha la ngazini, nikakuelekeza uso nje. Na hapo, mwanangu, hapo ningepiga ukelele na Bibi angepanda na jirani wangekuja na mtu angesema maji, hospitali, sumu. Badala yake nilipoona unavuta pumzi, nilirudi chumbani nimejifunga uso, nikafungua madirisha, nikakitupa kichupa na vidonge vyangu kwenye ndoo ya taka, nikachukua kopo la udi la Bibi nikalimimina lote juu ya makaa. Moshi ukajaa ghorofa nzima. Nilikufukiza udi juu ya kifua kilichokwisha kuungua, ili nisijulikane.

Bibi alipopanda alikuta udi, akakuta macho yako mekundu na mate yanakutoka, na mimi nnalia. Ulipoweza kusema, ulisema, "Nimeshikiwa mlango."

Bibi akauliza, "Na nani?"

"Sijui. Nnagonga, yeye yuko nje, ananivutia."

Bibi akanigeukia. "Thuwaiba, nani alikuwapo huku juu?"

"Hakuna mtu, Bibi."

Hospitali daktari aliuliza kama kuna kitu ulichovuta, dawa ya wadudu, rangi, sabuni ya chooni. Bibi akasema udi tu, daktari, na udi tunachoma toka enzi za mababu. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Watu wamezoea kuniona natazama sakafu, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Akaandika pumu, akakupa ile dawa ya kuvuta.

Na pengine uongo ule ungebaki wangu, kama si Bi Mwanajuma wa nyumba ya pili. Alikuja kukujulia hali, akakaa na Bibi ukumbini, akateremsha sauti, lakini sauti ya Bi Mwanajuma hata ikiteremshwa inafika. "Chumba cha marehemu, kabati la marehemu," alisema. "Bi mkubwa, huyo mamake anamtaka mwanawe." Bibi akamwambia anyamaze, mtoto anasikia. Ulikuwa unasikia. Usiku huo ulinivuta mkono wa gauni ukaniuliza, "Dada, Mama ananichukia?"

Nilikwambia lala.

Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu mafupi, lakini nikiambiwa nichague moja lifutwe, sichagui amonia, wala mlango. Ningechagua hilo neno. Uliuliza swali ambalo mimi peke yangu katika dunia nzima nilikuwa na jawabu lake, nikakwambia lala.

Tangu hapo nimekuona unavyopita mbele ya chumba kile, umejibana ukutani. Nimeona picha ya Mama umeigeuza ikatazama ukuta. Bibi alikuitia mwalimu wa chuoni akakusomea, ukanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, ukayanywa yote kwa adabu ukaniangalia mimi kama nitaridhika. Sisemi majini hawapo, Mundhir. Wametajwa, na mimi si wa kubishana na hilo. Nnasema siku ile hawakuwapo. Bibi hakukosea kwa ujinga. Aliniamini mimi. Akapita akisema mtoto lazima ahamishwe nyumba, Baba akakataa, kifua kikakubana tena na tena, Baba akakubali. Ami akasema mleteni. Unaondoka kwenu kwa ajili ya mzuka ambao unakufungia vifungo vya shati kila asubuhi.

Na mimi nimepata wangu. Nikiwa jikoni nnasikia kugongwa kutoka ndani ya kabati lile, chini kwanza, kisha juu. Nnapanda kutazama, hakuna kitu, ni nguo za Mama zimetundikwa. Nikigusa mlango wowote uliofungwa vidole vinakuwa vya baridi. Umeme ukikatika na jenereta likianza kunguruma, nnashukuru, kwa sababu linafunika kule kugonga. Hebu fikiria, nalishukuru lile jenereta. Mwalimu Biubwa ameniuliza kwa nini nimeacha kwenda maabara. Nimemwambia kichwa kinaniuma. Wageni walikuja wakaondoka, meza yangu ilikuwa tupu.

Sasa nikwambie la Mama, kwa sababu wewe huna lako mwenyewe, na hilo ulilopewa na Bi Mwanajuma ni la uongo. Siku zake za mwisho hakuwa na nguvu za kukubeba. Alikuwa akiniambia, "Nipe nimnuse." Nikikuweka shavuni pake, anakunusa utosini, anafumba macho, anakaa hivyo mpaka wewe unachoka unaanza kulia. Basi. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo kwako, kukunusa. Ukimkumbuka kwa kingine utakuwa umemsingizia, na aliyekufanya umsingizie ni mimi.

Huko uendako daktari aambiwe amonia. Neno hilo analijua daktari wa nchi yoyote. Aambiwe ulifungiwa nayo chumbani, na kwamba baada yake ulivutishwa moshi wa udi. Pumu yako na kuungua kwako pengine havitibiwi namna moja, mimi sijui, na kutojua kwangu ndiko kulikonifikisha hapa. Yeye atajua, akiambiwa.

Wala usiichukie amonia. Haikufanya ila tabia yake. Iko siku mtu atafunga kichocheo cha kweli kwenye bomba lile, kipimo chake sawa, moto wake sawa, na uchochoro utanuka vitumbua tu. Nilitamani niwe mimi. Sijui kama nna haki hiyo tena. Nitakwenda kwa Mwalimu Biubwa nimwambie kichupa kilikwenda wapi, kisha yeye ndiye atakayesema kama nikae tena mbele ya lile kabati la feni au nisikae. Ukiwa na la kuuliza, huko ugenini, uliza hata kama utachekwa. Kicheko cha darasa lile nshakisahau kilivyosikika. Yale mengine siyasahau.

Nilipokaa kuandika, azma yangu ilikuwa niikunje barua hii niitie chini kabisa ya begi lako, ndani ya kanzu niliyoipiga pasi, uikute ukiwa ushafika na bahari iko kati yetu. Nimefika hapa nikaona nnachokifanya. Utalala usiku wa leo ukimwogopa Mama. Utapanda ndege ukimwogopa. Baba atakukabidhi kwa Ami na kwa daktari bila kujua la kusema. Na mimi nitakuwa nimesema, lakini kwa namna ya mtu asiyetaka kuwapo wakati wa kusikiwa.

Sijui Baba atafanya nini. Huenda usiondoke. Huenda uondoke, na mimi nisitazamwe tena katika nyumba hii kama nilivyokuwa natazamwa. Bibi ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu hatanifokea.

Tangu nianze nimekuwa naificha karatasi hii chini ya msala kila ngazi inapolia. Bibi alipita baada ya isha, nikajifanya nimo kwenye sala, Mungu anisamehe, akafunga mlango polepole asinisumbue.

Ngazi inalia tena. Ni nyayo za watu wawili. Za Baba nazijua, na za pili ni nyepesi, zinamfuata karibu karibu, zinasimama anaposimama. Ni zako. Hupiti ukumbi huu peke yako.

Karatasi iko juu ya meza. Siifichi.

Baba amebisha. Anasema huyu hataki kulala ila kwako. Nimewaambia ingieni, nyote wawili, mkae kitandani, nna jambo la kuwasomea. Unavua viatu sasa, umenikodolea macho kwa kuwa nnaandika bado. Nimesoma mstari wa kwanza, sauti imenitoka ndogo. Baba amesema hakusikia.

Nimerudia.